Anime na maudhui ya ngono: toleo la runinga, la Blu-ray au la mtandaoni, lipi la kuaminika nyumbani?

MamaSwaumu
Wakuu, salaam. Mwanangu wa miaka 13 ameshika anime, katuni za Kijapani, kwelikweli, na mdogo wake wa miaka 9 yuko nyuma yake. Nimegundua anime ileile huwa na toleo la runinga, la diski za Blu-ray na la mtandaoni, na hayafanani. Lipi linafaa nyumbani? Na Wajapani wenyewe wanapimaje? Naomba mnieleweshe.

Kitasa_88
Dada, runinga ya Japani haibandiki alama ya umri kwenye kila kipindi kama Wamarekani walivyoanza mwaka 1997 na TV-PG, TV-14 na TV-MA zao. Kinachochuja ni saa. Za watoto hurushwa jioni au asubuhi za wikiendi. Zenye miili wazi na ngono husukumwa usiku wa manane. Ratiba zao huandika hata "25:30", yaani saa saba na nusu usiku, na bado inahesabiwa siku iliyopita. Mtoto wa Osaka saa hizo amelala. Ikipandishwa mtandaoni, saa imepotea, inakaa skrini moja na Doraemon, katuni ya watoto. Hapo ndipo sisi wazazi wa nje tunapigwa chenga.

MzeeWaSeinen
Naongezea kwa mkuu Kitasa. Hata usiku wa manane si kila kitu kinaachiwa. Kituo kama Tokyo MX mara nyingi hurusha toleo lililofunikwa: mvuke mzito bafuni, mwale mweupe unaokatiza kifuani bila taa yoyote chumbani. AT-X, chaneli ya setilaiti ya kulipia, hufunika kidogo zaidi. Blu-ray ikitoka, mvuke umefutwa. Hiyo ni biashara: kampuni zilizochanga mtaji zilitegemea sana mauzo ya diski, na kilichofichwa kwenye runinga ndicho kilichomvuta mnunuzi.

Tena kila kituo kina mpaka wake. Mwaka 2020 Interspecies Reviewers, hadithi ya wateja wa madanguro, iliondolewa na Funimation, kampuni ya Marekani iliyoonyesha anime mtandaoni, na mwezi Februari Tokyo MX nayo ikaikatisha. AT-X ikaendelea nayo hadi mwisho. Kwa hiyo mama, Blu-ray ya anime za usiku usiingize ndani.

BintiMsambweni
Mimi toleo lililokatwa silitaki hata kwa watoto. Marekani walipomfikia Sailor Moon, Haruka na Michiru, wasichana wawili wapenzi, waligeuzwa binamu, huku macho ya mahaba yakibaki palepale. Sigara ya Sanji wa One Piece ikawa pipi ya kijiti. Hapo mtoto amelindwa na nini? Bora kazi nzima yenye alama ya kweli. Filamu za sinema Japani hupitia Eirin, chombo cha tangu 1949, nazo hupewa G, PG12, R15+ au R18+. Filamu yenye G, yaani ya rika zote, naiweka bila wasiwasi. Huku kwetu Kenya KFCB, bodi ya kuainisha filamu, nao wana GE, PG, 16 na 18.

MzeeWaSeinen
Kwa filamu nakubali, binti. Lakini kijana wa miaka 13 anatazama mfululizo, na Eirin haigusi mfululizo wa runinga.

Kitasa_88
Kuna la sheria pia. Kifungu cha 175 cha kanuni ya adhabu ya Japani, ya mwaka 1907, ndicho kinachofanya hata kazi za watu wazima zizibe sehemu za siri kwa vigae vya ukungu. Nje ya hapo kinaacha mengi. Na sheria ya 2014 iliyoharamisha kumiliki picha za ngono za watoto iliacha michoro nje. Hili linanikera sana. Nikiona mhusika mwenye sura ya mtoto anachorwa kwa tamaa, nazima, hata hadithi iwe nzuri kiasi gani.

MamaSwaumu
Na ile kuandikwa "shonen", si maana yake ni ya watoto?

BintiMsambweni
Ni ya wavulana wanaobalehe, mama, na vichekesho vya chupi na kuchungulia bafuni vimejaa humo. Usiitegemee. Fungua ukurasa wa anime hiyo kwenye tovuti ya MyAnimeList, pembeni kuna siku na saa iliyorushwa Japani, na chini yake daraja la umri. Ukikuta R+, yaani kuna uchi kiasi, au saa saba usiku, itazame kwanza mwenyewe.

MamaSwaumu
Nimefungua sasa hivi. Ya mkubwa ilirushwa Jumapili saa kumi na moja jioni, PG-13. Hiyo namwachia. Kuna nyingine waliyoianza wote wawili wiki hii, inasoma 01:00. Leo hawaigusi mpaka niione.