Nikirekebishwa dojoni napandwa na hasira, nifanyeje?

MkandaWaNjano: Wakuu, salaam. Nina miaka 41, nimeanza karate ya Shotokan miezi minane iliyopita hapa Dar. Nayapenda mazoezi kuliko kitu chochote nilichowahi kuanza ukubwani. Shida yangu ni kusahihishwa.

Sensei (mwalimu) akinirekebisha sina neno. Ila tukiwa wengi, sisi wa mikanda ya chini anatukabidhi kwa senpai (mwanafunzi aliyetutangulia) mmoja, binti wa miaka 19, mkanda wa kahawia. Nje ya dojo (ukumbi wa mazoezi) ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba. Ndani, mimi ndiye ninayemwinamia.

Alhamisi tulikuwa kwenye Heian Shodan, kata (mfululizo wa mienendo iliyopangwa) ya wanaoanza. Nilipogeuka akasema, "Miguu yako iko kwenye mstari mmoja." Nikamjibu, "Najua, lakini sakafu inateleza." Hakubishana. Aliniwekea kidole begani, akanisukuma kidogo tu, nikayumba mpaka nikashika ukuta. Wenzangu wote waliona. Uso uliniwaka moto, nikaondoka bila kumuaga, na tangu siku hiyo sijarudi. Najua kosa ni langu. Naombeni ushauri.

KahawiaMbili: Kaka yangu, mimi nipo upande wa huyo binti. Kumrekebisha mtu mzima ni kazi nzito, mwenzio huwa napanga maneno kichwani kabla sijamsogelea. Mtu akinijibu "najua" mara mbili, namwacha. Simchukii, ila nguvu zangu nazipeleka kwa anayezitaka. Wewe ulimjibu vibaya, na bado akakuonyesha kosa kwa mkono wake. Huyo anakujali.

Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alipokuwa kijana Okinawa alikuwa mwalimu wa shule mchana, na usiku mwalimu wake Asato anamrudisha kata ile ile, tena na tena.

Kuhusu miguu: bandika utepe sakafuni nyumbani. Ukigeuka, kila mguu utue upande wake, upana wa nyonga.

Sanchin_Kila_Siku: Mkuu, sisi wa Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate, tunapiga kata ya Sanchin kifua wazi, mwalimu anazunguka anakupiga viganja mabegani na mapajani kukagua kama umekaza. Inaitwa shime. Mwaka wa kwanza nilihesabu kila kofi kama tusi. Kilichonisaidia ni kitu kidogo: naitika "osu" (yaani nimesikia), mwili unabadilika hapo hapo, maelezo yanasubiri. Ukianza na "lakini", miguu inabaki palepale ilipokuwa. Rudia mara tatu jinsi ulivyoelekezwa. Kama sakafu inateleza kweli, utasema darasa likiisha.

GotiBovu: Nakubali, ila maumivu usiyanyamazie. Niliitika "osu" kila nilipoambiwa nishuke zaidi, goti likaniweka nje miezi miwili. Jeraha mwambie sensei kabla hamjaanza. Na senpai wawili wakikuelekeza tofauti, mfuate aliye mbele yako, kisha kamuulize sensei baadaye.

JudokaUnguja: Mimi ni wa judo. Wiki nzima ya kwanza tulifundishwa kuanguka tu, na kijana niliyemzidi miaka kumi ananipigia kelele, "Kidevu! Kidevu kifuani!" Alinikera sana. Siku niliyotupwa kwa osoto-gari (kufagiwa mguu kwa nyuma) mara ya kwanza, mgongo ulilia kwenye tatami (mkeka wa mazoezi), kichwa hakikugusa. Nililala pale natazama dari, kisha nikamfuata nikampa mkono.

MkandaWaNjano: Mrejesho, wakuu. Nimerudi jana. Nilifika mapema nikamkuta anafagia, nikachukua ufagio wa pili. Tulipofika katikati nikamwambia, "Senpai, Alhamisi nilikosea." Akatabasamu, akasema, "Shikamoo." Nikaitikia.

Kwenye kata alinisimamisha mara nne. Mkono wa kuvuta haufiki kiunoni, kisigino cha nyuma kinanyanyuka, halafu kisigino tena. Hapo "lakini" ilinifika mdomoni kabisa. Nikaitika "osu", nikakishusha. Mara ya nne alikuja akanisukuma begani, safari hii kwa kiganja kizima. Sikuyumba.