Mjadala: Je, kambi ya mahema na njia ya baiskeli zifanyiwe tathmini ya mazingira kama kiwanda?

Mpima Njia (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Najua hoja hii itawaudhi wanaoamini kwamba burudani ya porini haina madhara kwa mazingira kwa kuwa tu haina bomba la moshi.

Tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kupima madhara ya mradi kabla haujaruhusiwa, ilipata nguvu ya sheria kwanza Marekani, kwa sheria ya NEPA (Sheria ya Sera ya Taifa ya Mazingira) iliyopitishwa na Bunge mwaka 1969 na kutiwa saini Januari 1, 1970. Nchi nyingi zilizofuata zilichagua njia rahisi ya kuitekeleza, yaani orodha. Bwawa, barabara kuu au kiwanda cha saruji lazima kipimwe. Mtu anayetaka kuweka mahema kumi na mawili kando ya ardhi oevu au kufungua njia ya pikipiki mlimani mara nyingi hujaza fomu tu, na pengine hajazi chochote.

Msimamo wangu ni kwamba cha kutazamwa kwanza kiwe mahali mradi unapokwenda. Ukubwa uje baadaye, na burudani isipewe msamaha.

Wengi hudhani uharibifu hukua sambamba na idadi ya wageni. Majaribio ya kukanyaga mimea kwa makusudi, ambayo watafiti wa ikolojia ya burudani wameyarudia kwa miongo kadhaa, yanaonyesha jambo jingine. Kwenye ardhi ambayo haijawahi kukanyagwa, miguu ya mwanzo ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya uoto. Mashina yanavunjika, majani makavu yaliyofunika udongo yanasagika, udongo unashindiliwa na matundu ya kupitisha hewa na maji yanaziba. Baada ya hapo wageni wakiongezeka mara tano, hasara inayoongezeka ni ndogo, maana cha kuharibika kimeshaharibika. Kwa hiyo huo mnaouita mradi mdogo, ukipelekwa mahali pasipoguswa, hufanya sehemu kubwa ya madhara yake kabla hata haujajulikana.

Wanyama nao wamo. Mapitio ya tafiti 274 yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta kwamba zaidi ya asilimia 93 ya tafiti hizo ziliona angalau athari moja ya burudani kwa wanyama, na asilimia 59 ya athari zilizoonekana zilikuwa hasi. La kushangaza ni kwamba ushahidi wa athari hasi ulikuwa mwingi zaidi kwa shughuli zisizotumia injini kuliko zinazotumia. Kutembea kwa miguu, kuteleza kwenye theluji, baiskeli: mambo yaleyale tunayoyaita "rafiki wa mazingira".

Karibuni.

Mwekezaji Mdogo

Mkuu, umesema vizuri, lakini hukusema nani analipa.

Ripoti kamili ya tathmini inahitaji mtaalamu wa mimea, wa maji, wa jamii, pengine na wa mambo ya kale. Kampuni kubwa ya hoteli inalipa hiyo gharama bila kukunja uso. Majirani watano walioungana kuweka kambi kwenye shamba lao wanaishia hapo hapo. Ukilazimisha tathmini kamili kwa kila hema, burudani haitapungua. Itabaki mikononi mwa wale wale wenye mitaji, na hao ndio wajengao mabwawa ya kuogelea mahali pasipo na maji ya kunywa.

Halafu kuna jambo mnalolikwepa kila mara. Hiyo ardhi isipokuwa kambi itakuwa nini? Mara nyingi italimwa, au itakatwa viwanja vya kuuza. Mwenye shamba anayefyeka vichaka ili apande mahindi, mara nyingi hakuna anayemdai ripoti. Anayeviacha vichaka na kuweka hema katikati yake ndiye tunayemwita ofisini. Kama mnapima kwa haki, linganisheni mradi na kile kitakachotokea usipokuwepo, msiulinganishe na pori la kwenye picha.

Kalamu ya Sheria

Naomba niingie kidogo kwa upande wa sheria, kwa sababu swali la ukubwa dhidi ya mahali limeshafika mahakamani.

Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo ya kwanza ya tathmini mwaka 1985, namba 85/337. Miradi iligawanywa katika makundi mawili: ile ya lazima, na ile ambayo kila nchi iamue yenyewe kama ipimwe. Leo kundi la pili lina orodha ya burudani: njia za kuteleza kwenye theluji, bandari za mashua za starehe, vijiji vya likizo na hoteli nje ya miji, kambi za kudumu za mahema na za nyumba za kukokotwa na gari, bustani kubwa za burudani. Nchi ziliruhusiwa kuweka viwango vya ukubwa. Ireland ikaviweka kwa hekta tu, kwenye upandaji miti na uchimbaji wa mboji katika vinamasi. Mwaka 1999, katika kesi namba C-392/96, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hilo halitoshi. Mradi mdogo ukiwa mahali nyeti unaweza kuwa na athari kubwa, na nchi haiwezi kuacha mwanya wa miradi kukatwa vipande vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango.

Hiyo ya vipande ndiyo naiona mbaya kuliko zote. Awamu ya kwanza inaombewa vyumba tisa kwa kuwa kiwango ni kumi. Mwaka unaofuata vyumba tisa vingine, jina la mwombaji likiwa la shemeji. Kila faili ni safi.

Mtaalamu Mwelekezi

Nafanya kazi hii, kwa hiyo mnipige mawe taratibu.

Mnabishana nani apimwe, lakini mimi ninayeandika ripoti hizo nawaambia kwamba tatizo kubwa liko katika kinachopimwa na wakati wa kukipima. Mteja anakuja akiwa ameshanunua ardhi, ameshachora ramani, ameshakopa benki. Ananipa wiki chache. Nikienda kiangazi, vyura hawalii, mimea ya msimu imelala chini ya udongo, ndege wahamaji wameondoka, kijito ni mchanga mtupu. Nitaandika kwa uaminifu kabisa kwamba sikuona kitu. Hali ya awali ya mahali haipatikani kwa ziara moja. Inahitaji angalau mzunguko mzima wa misimu, masika na kiangazi. Bila hiyo, miaka mitano baadaye mtu akisema kisima kimepungua hakuna wa kumthibitishia, kwani hakuna aliyepima kina cha maji kabla.

Pili, athari limbikizi. Kambi moja na karo lake la maji taka, sawa, udongo utachuja. Kambi saba kwenye bonde moja, kila moja na kisima chake na karo lake, hapo nitrati na vimelea vinaanza kuonekana kwenye maji ya chini. Nani anapaswa kuandika hilo? Mimi nimeajiriwa na kambi ya nne tu. Ya tano haijazaliwa. Sura ya athari limbikizi kwenye ripoti nyingi ni kurasa mbili za maneno ya jumla, na wote tunajua kwa nini.

Tatu, ndiyo, nalipwa na mwenye mradi. Sijawahi kuambiwa nidanganye. Huambiwa tu kwamba sentensi fulani "imekaa vibaya". Uholanzi wana tume huru ya wataalamu inayozikagua ripoti za miradi mikubwa na kutoa maoni hadharani. Hiyo inasaidia, maana ukijua kuna mtu mwenye ujuzi kama wako atakayekusoma, unaandika tofauti.

Kwa hiyo Mpima Njia, ukiniongezea mafaili mia ya mahema bila kurekebisha haya, utapata mafaili mia mabovu.

Mzee wa Malisho

Mimi sina mengi. Mikutano ya hadhara inaitishwa siku mifugo iko mbali, ripoti inasomwa kwa lugha ya ofisini, mwisho tunaambiwa tusaini karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo inaambatanishwa kama ushahidi kwamba tumekubali. Kuhudhuria ni kuhudhuria, hakujawahi kuwa kukubali.

Na njia za mifugo haziandikwi kwenye ramani zenu. Kambi haijachukua hata ekari mbili lakini imekaa mlangoni mwa maji.

Mwekezaji Mdogo

Mzee, hapo nakuunga mkono.

Lakini niwape wenye imani na ripoti mfano mmoja. Uwanja wa gofu wa Trump pale Menie, Aberdeenshire, Uskoti. Matuta ya mchanga ya Foveran yalikuwa eneo linalolindwa kisheria kwa umuhimu wake wa kisayansi, kwa sababu mchanga wake ulikuwa unahama kwa upepo, jambo adimu. Kamati ya halmashauri ilikataa mradi mwaka 2007. Serikali ya Uskoti ikaliingilia kati jambo lile, uchunguzi wa wazi ukafanyika, na mwaka 2008 mradi ukaruhusiwa kwa hoja kwamba manufaa ya kiuchumi yanazidi hasara. Uwanja ulifunguliwa 2012. Desemba 2020 taasisi ya serikali ya uhifadhi ikatangaza kuwa sehemu hiyo inaondolewa kwenye orodha ya ulinzi, kwa kuwa sifa iliyoipa ulinzi haipo tena. Nyasi zimepandwa, mchanga umetulizwa.

Hapo hamkukosa tathmini. Wataalamu walisema mapema kwamba matuta yataharibika, na yakaharibika. Sasa mnataka mimi mwenye mahema sita nigharamie jambo ambalo halikumzuia mwenye gofu?

Mpima Njia

Mfano mzuri, na nauchukua kwa upande wangu.

Kwa sababu tathmini ilikuwepo, leo tunajua nani aliamua, lini, na kwa hoja gani. Onyo liliandikwa na matokeo yakalingana nalo. Tathmini haikuwahi kupewa nguvu ya kura ya turufu. Hata chini ya NEPA mamlaka inatakiwa kuzijua athari na kuzitangaza, halafu inaweza kuendelea. Kinachonikera mimi ni yale matuta mengine ambayo hakuna aliyeyapima. Hayana tarehe ya kufa.

Kuhusu gharama, Mwekezaji, sikusema kila hema liandikiwe kitabu. Nilisema mahali patazamwe kwanza. Shamba lililokwishalimwa miaka thelathini likiwekwa mahema, mpe mtu kibali siku hiyo hiyo. Lakini mahema hayo hayo kwenye chemchemi, kwenye mazalia ya ndege au juu ya udongo wa jangwani, hapana. Katika jangwa la Mojave alama za magari ya mazoezi ya kijeshi ya 1942 hadi 1944 bado zinaonekana. Na zaidi ya miaka themanini imepita.

Kalamu ya Sheria

Kwa hiyo nani atachora ramani ya mahali nyeti? Hilo halimhusu mwenye mahema. Ni kazi ya serikali, kwa tathmini ya kimkakati ya bonde zima au wilaya nzima, kabla ya mwombaji yeyote kuja. Ulaya ina maelekezo ya aina hiyo tangu 2001. Ikifanyika, kambi saba za Mtaalamu zinakuwa swali moja: bonde hili linabeba ngapi? Na mdogo anajaza fomu fupi akirejea ramani iliyolipiwa na umma.

Tusisahau pia kwamba kazi haiishi kibali kikitoka. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Argentina na Uruguay kuhusu viwanda vya massa ya karatasi mtoni, ilisema Aprili 2010 kwamba mradi ukishaanza, ufuatiliaji wa athari zake lazima uendelee, na inapobidi kwa uhai wote wa mradi. Ilikuwa kesi ya mto unaopakana na nchi mbili, lakini sioni kwa nini kijito cha ndani kistahili pungufu.

Mtaalamu Mwelekezi

Kwa burudani ufuatiliaji ni rahisi kuliko kiwanda. Idara ya Misitu ya Marekani ilichapisha mwaka 1985 utaratibu wa kuweka mipaka ya mabadiliko yanayokubalika. Mnakubaliana mapema vipimo vichache: upana wa udongo mtupu kuzunguka kambi, idadi ya vijia vya mkato, kina cha mfereji kwenye njia, vimelea kwenye kisima. Mnaandika namba. Ikivukwa, kitendo kimeshaandikwa: njia inafungwa, inahamishwa, au wageni wanapunguzwa. Kupima upana wa udongo mtupu hakuhitaji shahada, kamba na daftari vinatosha.

Ila mjue kukusanya wageni mahali pamoja kunaokoa uoto, kwa sababu ile aliyoieleza Mpima Njia. Kuwatawanya ili "wasilundikane" ndiko kunakofungua majeraha mapya.

Mzee wa Malisho

Hiyo kamba na daftari tupeni sisi. Tupo pale mwaka mzima.

Mwekezaji Mdogo

Nikubali, kwa masharti. Namba ziandikwe kwenye kibali changu na cha hoteli kubwa kwa kipimo kile kile, na zikivukwa tufungwe wote msimu ule ule. Na anayepima asiwe jirani ninayegombana naye mpaka wa shamba.

Mpima Njia

Hilo la mwisho ni gumu, mkuu. Vijijini nani hana ugomvi wa mpaka? Labda wapime wawili, mmoja wa upande wako, na vipimo vibandikwe ubaoni. Wengine mnaonaje?