Mlio ulikuwa mbele, gereji ikafungua difu ya nyuma

Naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa miezi minne gari langu la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, limeingia gereji moja mara tatu kwa ajili ya mlio mmoja, na katika safari mbili za kwanza limetoka na vipuri vipya na mlio uleule. Leo mlio huo umekwisha, na nimeumaliza mwenyewe, lakini nimeachiwa mvumo wa difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, ambao haukuwapo kabla ya gereji hiyo kuligusa gari.

Mlio wenyewe niliueleza tangu siku ya kwanza, tena nikauandika kwenye karatasi ili asitokee mtu wa kusema hakuambiwa. Ulikuwa mlio mkavu kama wa bawaba isiyotiwa mafuta, wenye kujirudia upesi upesi, ukianza gari linapofika kama kilomita 15 kwa saa na kugeuka mtetemo wa sakafuni likipita 70. Haukubadilika nilipokanyaga mafuta wala nilipoachia. Haukubadilika nilipokata kona ya kushoto wala ya kulia. Nilipokanyaga klachi na kutoa gia, gari likaendelea kuserereka lenyewe kwenye barabara tambarare, mlio nao uliendelea, ukapungua kadiri mwendo ulivyopungua, ukanyamaza gari liliposimama.

Fundi anayejua kazi yake angeona kwamba karatasi ile ilikuwa imekwisha kumpunguzia nusu ya gari. Mlio unaofuata mwendo wa gari na kupuuza mzunguko wa injini hautoki kwenye injini wala kwenye klachi. Beringi ya gurudumu iliyochakaa kwa kawaida huongeza mvumo inapobebeshwa uzito, na uzito huo huenda upande wa nje wa kona, kwa hiyo ukikata kona ya kushoto huisikia ya kulia, na kinyume chake. Mlio wangu kona haikuugusa hata kidogo. Difu nayo ina tabia yake. Gari linapovutwa, meno ya kraun (gia kubwa ya ndani ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) hugusana kwa upande mmoja, na mguu ukiondoka kwenye mafuta hugusana kwa upande wa pili, ndiyo maana mvumo wa difu mara nyingi huja au hupotea mguu unapohama. Kisha kuna kasi ya mapigo. Difu yangu ina meno 41 kwenye kraun na 10 kwenye pinioni, maana yake propela, shafti ndefu inayounganishwa na difu, huzunguka zaidi ya mara nne gurudumu linapozunguka mara moja. Mapigo ya haraka namna ile, yasiyojali mafuta wala kona, yalikuwa yanamwelekeza mtu alale chini na kuzishika propela kabla hajafungua kitu kingine chochote.

Hakuna aliyelala chini. Safari ya kwanza walibadilisha beringi za magurudumu ya nyuma, nikaondoka na mlio wangu. Safari ya pili fundi aliendesha gari kwa mwendo wa dakika mbili hivi, akazima redio ambayo hata haikuwa imewashwa kwa sauti, akatamka: "Hiyo ni difu, bosi, wala usihangaike." Nilimuuliza amejuaje, akaniambia ana uzoefu. Nilikuwapo walipomwaga oili. Kizibo cha difu yangu kina sumaku, na kwenye sumaku ile kulikuwa na uji laini wa kijivu, ambao ni uchakavu wa kawaida wa vyuma vinavyosagana kwa miaka. Hapakuwa na kipande cha jino wala kibanzi kinachoshikika kwa vidole. Ushahidi huo ulikuwa mkononi mwake. Aliufuta kwa kitambaa, akachomoa ekseli mbili, akateremsha difu, akaweka kraun na pinioni nyingine pamoja na beringi zake. Mlio wangu ulirudi nami nyumbani siku hiyohiyo.

Safari ya tatu wakaniambia sasa ni giaboksi. Nikakataa, nikaondoka.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa miezi minne nyuma. Gari langu lina habu za mbele za kuzungusha kwa mkono, yaani vifungio vya kuunganisha magurudumu na ekseli au kuyaachia, nami huziacha zimefungwa muda mrefu kwa sababu njia ninazopita zina matope. Habu zikiwa zimefungwa, magurudumu ya mbele huzungusha ekseli za mbele, difu ya mbele na propela ya mbele hata kama transfa, boksi la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, iko kwenye kuvuta kwa magurudumu mawili; vyote huzunguka bila kubeba mzigo, na ndiyo sababu mguu wa mafuta haukubadilisha kitu. Nikazungusha habu zote mbili zikaachia, nikaenda barabarani. Kimya. Nikasimama, nikazifunga tena, nikaenda. Mlio ukarudi. Kipimo hicho hakikuhitaji spana hata moja, na kilikwisha kwa muda mfupi kuliko ule fundi aliotumia kuniandikia orodha ya vipuri.

Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikaachia habu, nikaingia chini. Katika hali hiyo propela ya mbele huzunguka kwa mkono. Nilishika uma wa propela wa upande wa transfa (ile panda inayoshika kiungio) kwa mkono mmoja na shafti kwa mkono wa pili, nikavinyonga kinyume, nikahisi mchezo (kulegea) ulio wazi kabisa, na nilipoizungusha taratibu ikalia palepale masikioni mwangu. Pembeni ya kikombe kimoja cha krosi, kile kiungio chenye mikono minne kinachoiruhusu propela kupinda, kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama unga, lililotapakaa kwenye uma, na nipeli ya kupitishia grisi ilikuwa imezibwa na tope lililokauka. Nilipoifungua krosi, sindano za beringi ndani ya kikombe kile zilikuwa zimesagika, na mkono wa krosi ulikuwa na mifereji pale sindano zilipokuwa zikilala. Krosi ya namna hiyo haikuchakaa wiki iliyopita. Kila safari gari lilipopandishwa kwenye jeki, vumbi lile jekundu lilikuwa pale, kwa yeyote mwenye tochi.

Nimebadilisha krosi, nikaweka alama kwenye flanji, bamba la bolti linaloshikilia propela, kabla ya kuifungua ili propela irudi kama ilivyokuwa, na mlio umekwisha.

Kinachoniuma zaidi sasa ni difu ya nyuma. Tangu waifungue, gari linavuma kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa ninapokanyaga mafuta, na mvumo unakatika nikiachia. Hii ndiyo dalili ya difu ambayo karatasi yangu ilisema haipo, na sasa ipo. Nafasi kati ya meno ya kraun na ya pinioni hupangwa kwa sehemu ndogo za milimita, kwa saa ya kupimia, na meno hupakwa rangi ili ionekane yanagusana wapi. Nilikuwapo siku nzima ile. Sikuona saa, sikuona rangi. Niliona nati ya pinioni ikikazwa kwa bomba refu mpaka fundi aliporidhika kwa mkono wake.

Nimewaandikia madai mawili. Waifungue tena difu na kuipima mbele yangu, au wanirudishie kraun na pinioni zangu za awali, ambazo ni jozi iliyosagwa pamoja kiwandani na ambayo haikuwa na kasoro yoyote, zifungwe upya na mtu mwenye vifaa. Jibu nililopata juzi ni kwamba vipuri vya zamani vilishatupwa, na kwamba difu ya gari la umri huu kuvuma kidogo ni jambo la kawaida.