Naombeni ushauri: bahari ikiwa ya moto ndo nitoe boti majini?

Wakuu habari za saa hizi, nina kaboti kangu ka uvuvi hapa Kilwa nimekopea hela, na tangu kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kipige pande za Mafia na huku kwetu sijawahi kulala vizuri mwezi wa nne na wa tano. Sasa kuna kijana kanionyesha kwenye simu ramani ya joto la bahari, ukiangalia huku kwetu ni nyekundu tupu, nyuzi 28 hadi 29. Nilivyosoma ni kwamba kimbunga kinataka maji kuanzia kama 26 na nusu, tena joto lifike hadi chini mita 50 hivi sio juu juu tu, ule mvuke ukipanda ndo unakuwa mafuta yake. Lakini mbona maji yetu yanakuwa ya moto karibia kila mwaka na vimbunga haviji? Mzee mmoja wa bandarini ananiambia tuko karibu na ikweta upepo haupati nguvu ya kuzunguka, sawa, ila kimbunga Kenneth cha 2019 si kilipiga Cabo Delgado kule Msumbiji, hapo jirani tu na Mtwara?

Naomba anayejua hizi mambo anisaidie, nikishaona joto niangalie nini kingine, upepo wa juu au nini? Maana kila nikipandisha boti nchi kavu nalipa vijana wa kusukuma na siku zinapotea bure. Au nisubiri tu tahadhari ya TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa?