Kusuka upya mota ya pampu nusu hosipawa: geji 23 imekosekana, 24 itafaa?

Mdau wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Hapa Moshi kuna mota ya pampu ya maji, nusu hosipawa, fezi moja, 230 V, mizunguko 2850 kwa dakika, kapasita ya 10 µF. Koili zimeungua, nimezikata upande mmoja na kuzitoa. Stata (sehemu ya mota isiyozunguka) ina sloti 24, yaani mifereji ya kulaza waya. Koili kuu ina makundi mawili, kila kundi koili nne za raundi 75, 75, 65 na 50. Waya wake kwa maikromita unasoma 0.61 mm, yaani geji 23 (namba ya unene wa waya, SWG). Madukani nimepata 24, 26 na 27 tu. Naweza kutia 24 kwa raundi zilezile? Pia kuna roli ya waya inauzwa bei ya chini mno, inang'aa kama kopa (shaba). Nitajuaje kama si aluminiamu?

fundi_kijenge
Mkuu, kwanza sema: ulipima waya ukiwa na vanishi yake (ngozi ya kuzuia umeme) au umeikwangua? Geji ni kipimo cha shaba tupu. Geji 24 ni 0.56 mm, ukiongeza vanishi ya kiwandani inafika 0.60 au 0.61. Hapo ndipo wengi wanajikwaa, wananunua waya mnene kuliko wa awali halafu sloti zinagoma kuufunika. Choma kipande kidogo kwa kiberiti, kifute kwa msasa laini bila kula shaba, pima tena sehemu tatu tofauti.

Ikithibitika ni 23 kweli, usishuke hadi 24. Eneo la waya linatoka 0.29 hadi 0.245 mm za mraba, pungufu ya karibu asilimia 16, na upinzani unapanda kwa karibu asilimia 19. Mota itazunguka vizuri tu siku ya kwanza, ila itapata joto kila inapofanya kazi. Badala yake suka waya mbili kwa pamoja, geji 26 moja na 27 moja, ambazo jumla yake ni 0.30. Mbili za 26 zinazidi sana, huenda zisiingie. Hesabu ya raundi haibadiliki: waya mbili zikizunguka pamoja ni raundi moja.

Na hizo koili za zamani usiuze skrapa bado. Ndiyo ramani yako hiyo.

Sanawari Umeme
Kuhusu roli: kukwangua kwa wembe kunasaidia, ndani ukiona weupe achana nayo. Lakini kuna aluminiamu iliyovishwa shaba, na ngozi yake inaweza kukudanganya ukikwangua juujuu. Kata, tazama ncha kwa lenzi. Au weka kipande chembamba kwenye moto wa gesi: aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, shaba inahitaji 1085, kwa hiyo ya kwanza itajikunja na kudondoka.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni mizani na mita ya kupima omu. Kilo moja ya shaba ya geji 24, bila roli, ni takriban mita 450, na ncha kwa ncha inasoma kama omu 32. Aluminiamu ya unene huohuo ina urefu mara tatu na zaidi kwa kilo, hivyo omu zitapita 150. Muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu.

Mdau wa Pasua
Asanteni sana. Nimefuta vanishi, inasoma 0.56 sehemu zote tatu. Kumbe ni 24! Sasa makundi mawili ya koili kuu yanaungwaje? Nilikata kabla ya kuchora.

fundi_kijenge
Kwa sloti 24 na kasi hiyo ni poli mbili (ncha mbili za sumaku). Kundi la kwanza ni 1-12 (upande mmoja wa koili sloti ya 1, wa pili sloti ya 12), 2-11, 3-10, 4-9, la pili 13-24, 14-23, 15-22, 16-21. Zilizobaki, 5 hadi 8 na 17 hadi 20, ni za koili ya kuanzia: 7-18 na 8-17, kisha 19-6 na 20-5. Linganisha na alama za karatasi zilizobaki kwenye sloti, maana viwanda vingine huchanganya koili zote mbili ndani ya sloti moja.

Ukisuka makundi yote kwa mwelekeo mmoja, unga mwisho wa la kwanza na mwisho wa la pili. Ukiunga mwisho na mwanzo, poli zinapingana: mota inanguruma, haizunguki, inavuta umeme mwingi na kuungua. Koili ya kuanzia fanya vivyo hivyo.

Raundi 530 kwa wastani wa sentimita 30 ni mita 160, kwa hiyo koili kuu isome karibu omu 11. Ya kuanzia kwa kawaida husoma zaidi. Kisha pima kwa megga (kipima uvujaji wa umeme) ya 500 V kati ya koili na bodi, chini ya megaomu 1 usiwashe. Washa mara ya kwanza kupitia taa ya wati 100 iliyofungwa mfululizo.

Vanishi: pasha stata moto wa nyuzi 100 hivi kwa saa kadhaa itoe unyevu, iache ipoe hadi 60, mimina, ichuruzike, kisha ikaushe kama kopo linavyoelekeza. Ukimimina kwenye chuma baridi haipenyi katikati ya waya, nazo zitatetemeka na kukwaruzana.

Sanawari Umeme
Usiirudishe kabla hujajua kwa nini iliungua. Pima kapasita, ikisoma chini ya 9 µF badilisha. Zungusha rota (sehemu inayozunguka) kwa mkono, beringi isikwaruze, na tazama sili ya maji kama inavujia upande wa mota. Halafu pima volti saa za jioni pampu ikiwa inafanya kazi. Zikishuka hadi 180, hata koili mpya haitadumu. Funga kifaa cha kukata umeme volti zinaposhuka.