Naombeni ushauri: kuuza pombe ya mtama ya wapishi wadogo hapa Dodoma

Wakuu habarini, nina kibanda changu huku Ihumwa nauza bia za kawaida na nyama choma, sasa wateja wengi wanaohamia na serikali wananiuliza kama kuna kitu cha hapahapa, ndo nikapata wazo la kuchukua pombe ya mtama kwa mama mmoja wa Hombolo anayepika kidogokidogo. Jamani yule mama anajua! Kimea anaotesha mwenyewe, analoweka mtama, anauacha uchipue, anaanika juani ndo anasaga, na ile pombe ina uchachu fulani mtamu hata haikukeri kichwa (ukinywa kistaarabu lakini, sio ndoo nzima).

Shida inakuja kwenye usafiri maana pombe hii inaendelea kuchacha, ukiiziba kwenye chupa ya kioo na joto la Dodoma inaweza kupasuka, ukiiacha wazi kesho yake imeshakuwa siki. Kuna aliyejaribu kuweka kwenye keni na barafu? Au kuchemsha kidogo ili itulie, maana naogopa kuua ladha.

Halafu upande wa TBS (shirika la viwango), yule mama apeleke sampuli mwenyewe au aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo)? Leseni yangu ya vileo inatosha au ya kienyeji inataka nyingine? Sitaki kumbana bei, nataka alipwe vizuri. Mvinyo wa wakulima wadogo wa zabibu nao naufikiria, ila kwanza hili. Wenye uzoefu karibuni.