Tupeane uzoefu: katuni unanunua toleo moja moja au unasubiri kitabu?

Habari wakuu. Hii ni kwa mnaosoma katuni za Marekani. Toleo la mwezi ni kurasa ishirini na kitu, pini mbili katikati, dola 3.99 hadi 4.99. Miezi ikipita, matoleo matano au sita yanaunganishwa kuwa kitabu kimoja, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko jumla yake. Mfano Saga: matoleo sita ya mwanzo, mwaka 2012, yaliuzwa dola 2.99 kila moja, yaani karibu dola 18. Kitabu kilichoyakusanya kikatoka Oktoba mwaka huo huo kwa dola 9.99. Kwa hesabu ya mfukoni hakuna mjadala, ila kila Jumatano, siku ya matoleo mapya, mimi nipo dukani, na naishi Minneapolis, baridi ya Januari mnaisikia. Ninyi mnaamuaje? Leteni visa vyenu, nadharia tuachieni. Nawasilisha.

Mdau, Columbus
Mkuu, mimi ni wa toleo moja moja na sina mpango wa kubadilika. Julai 2019 nilikuwa nafuata The Walking Dead. Matoleo ya baada ya la 193 yalikuwa yameshatangazwa, hadi majalada yake tumeyaona. Nachukua la 193, naliona nene kuliko kawaida, nasema labda ofa. Nafungua ukurasa baada ya ukurasa, kumbe ndiyo mwisho wa hadithi nzima! Mwandishi wake, Kirkman, alitangaza matoleo ambayo hayapo ili tusishtuke mapema. Aliyesubiri lile buku nene la nne la mkusanyo, linaloanzia toleo la 145, alijua tangu dukani kuwa ameshika la mwisho. Raha ile hakuipata.
Halafu kuna barua za wasomaji. Za Saga zimo kwenye matoleo tu, kwenye vitabu hazimo.

Mdau, Nairobi
Hapo ndipo tunaachana. Mimi nilikuwa naagiza kupitia binamu yangu aliye Texas, anakuja nayo Disemba chini ya sanduku, chini ya viatu. Yanafika pembe zimekunjika, na kuna mara toleo la tatu halikuwemo. Kusoma la pili kisha la nne ni kama kuingia matangani hotuba ziko katikati: watu wanalia na wewe hujui nani amekufa. Tangu hapo nanunua kitabu. Kina mgongo, kinasimama kwenye rafu, rafiki akiazima kinarudi kizima (akirudisha).
Kibaya ni watu wa mtandaoni kukumwagia hadithi kabla hujaisoma. Lakini hata nyinyi wa Jumatano mnasubirishwa. Saga ilisimama kwenye toleo la 54 mwaka 2018 ikarudi Januari 2022. Muda wote huo tulikaa benchi pamoja.

Mdau, Toronto
Nimeuza katuni dukani miaka kadhaa, kwa hiyo niwape upande wa kaunta, maana bei na raha mmeshazisema.
Duka la vitabu likibakiwa na kitabu, kwa kawaida linakirudisha kwa mchapishaji. Toleo la katuni, sivyo. Tangu miaka ya 1970 maduka ya katuni yananunua kwa punguzo kubwa, na kwa malipo ya punguzo hilo yakaacha haki ya kurudisha. Kilichobaki kinakaa kwenye boksi nyuma ya duka, hasara ni ya mwenye duka. Kwa hiyo anaagiza kwa kukisia, na mahali pa kwanza anapoangalia ni orodha ya wateja waliomwambia "niwekee". Nimeishika hiyo orodha mkononi. Batman ina majina ukurasa mzima. Katuni mpya ya mchoraji asiye na jina ina mtu mmoja, na wengine watano wamesimama hapo wanaisifia halafu wanasema watasubiri kitabu. Unaagiza mbili. Maduka mengi yakiagiza mbili mbili, mchapishaji anaisimamisha mapema, na kitabu mnachosubiri kinatoka na hadithi iliyokatwa, au hakitoki kabisa.
Ndiyo maana Batman na Spider-Man mimi nasubiri kitabu bila wasiwasi, hazifi hizo. Mpya nanunua toleo.

Mdau, Dar
Sisi wa Sani, gazeti la katuni la hapa Tanzania, hatukuwa na hilo chaguo. Visa vya Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge: ukikosa toleo, umekosa. Nakala moja pale kwa kinyozi Magomeni ilisomwa na mtaa mzima hadi karatasi ya mwisho ikachomoka, na ndiyo yenye "itaendelea". Kitabu chenye visa vyote vya Lodi Lofa sijakiona hadi leo. Mwenye nacho ataje bei, sibishani.

Mdau, Brussels
Huku gazeti la katuni la Spirou lilianza 1938 na bado linatoka kila wiki. Hadithi nyingi zinapitia humo kwanza, kisha zinakuwa albamu ya jalada gumu. Watu wazima ninaowajua wananunua albamu, gazeti ni la watoto. Huku hata hatugombani.

Mleta mada
Mkuu wa Toronto, nimekusoma. Kuna moja mpya nafuata, namba nne imeisha dukani kwetu. Nisubiri kitabu tu?

Mdau, Toronto
Usisubiri. Muulize mwenye duka kama itachapwa mara ya pili. Mara nyingi wanabadilisha jalada tu, rangi au mchoro, hadithi ni ile ile. Na mwambie leo akuwekee ya tano na ya sita. Oda zinafungwa wiki kadhaa kabla ya toleo kutoka, ukienda siku lenyewe linapotoka utakuta ameshaagiza mbili zake.